Mikono Iliyomgeuza Bi Mwanakombo

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana baadhi ya waliokuwamo nikikutana nao sokoni hunikwepa macho, palikuwa na nyumba ya kulelea wazee. Humo alilala Bi Mwanakombo, kipofu, kapooza. Alikuwa hawezi kujigeuza. Mtu wa namna hiyo asipogeuzwa, hutoka vidonda.

Wahudumu walikuwa wawili: Zulekha, mzaliwa wa mtaa wake bibi, na Nyamizi, mtu wa bara. Siku ya kwanza Nyamizi alimwamkia tu, bibi akasema, "Huyu wa bara asiniguse." Msimamizi, Bi Thuwaiba, akaitikia, "Hewala, bibi."

Sasa Zulekha mgongo unamuuma. Akamwambia mwenzake, "Dada, ingia wewe umgeuze, ila usifungue mdomo. Haoni, atadhani ni mimi."

Nyamizi akaingia. Akamgeuza asubuhi, kimya. Akamgeuza mchana, kimya. Akamgeuza jioni, kimya. Bibi akawa anashukuru, "Zulekha mwanangu, una mikono ya rehema." Na Zulekha akazipokea shukrani zile, miezi saba.

Siku moja bibi akamkumbuka mwanawe marehemu, akalia. Nyamizi akajisahau. "Pole, bibi, niko hapa."

Ikawa kesi. Bibi alifoka, na Nyamizi akahamishiwa jikoni. Akamwambia msimamizi, "Nyongani pameanza kuwa pekundu. Ageuzwe mara kwa mara, tafadhali."

"Acha kinyongo," Bi Thuwaiba akamjibu. Zulekha alikuwepo, anajua ni kweli. Akatazama sakafu.

Zulekha, kwa mgongo wake, akawa anamgeuza mara moja moja tu. Kidonda kikafika mfupani. Homa ikapanda, bibi akasema, "Niitieni yule wa bara. Nataka aniwie radhi."

Nyamizi akaitwa. Akasema, "Ngoja nimalize masufuria." Akayasugua moja moja, hata yale safi. Alipofika, bibi ameshafunikwa shuka usoni.

Bi Thuwaiba anasema, "Nilifuata matakwa ya mgonjwa." Zulekha anasema, "Ningesema ukweli, ningefukuzwa." Nyamizi hajitetei. Analia tu, na mimi nikimwona naona haya, ingawa sikuwamo.

Haya, nyie mnaojua kuhukumu. Yuko bibi aliyemkataa Nyamizi, msimamizi aliyekubali, mwenzake aliyenyamaza, na mwenyewe aliyechelewa. Bi Mwanakombo amezikwa bila radhi aliyoiomba. Je, ni nani aliyemnyima?