Kipande cha Kanga Mlangoni

Hapo zamani, na si zamani ya mbali, maana intaneti ilikwisha kufika Kwelongo kabla ya maji ya bomba, aliishi mama mmoja aitwaye Nakaniki. Akashikwa na maradhi ya kukauka. Ngozi ikawa kama jani lililosahaulika juu ya bati, ukimgusa, anachakacha. Dawa ilikuwa moja, gome la mnyamale, na mnyamale hakuna aliye hai aliyewahi kuuona.

Watoto wake watatu. Hoza, wa kwanza, mwalimu, mwenye subira na kompyuta kuliko na watu. Singano, wa kati, mrina asali, anayepanda hata pasipo pa kushika. Mkunde, kitinda mimba, ndiye aliyemwogesha mama na kumgeuza kitandani.

Hoza akaingia kwenye ile hifadhi ya miti ya mtandaoni, ambamo matawi yaliyokaushwa na wazungu yamepigwa picha, kila tawi limeshonwa kwa uzi juu ya karatasi. Akaandika mnyamale. Hakuna. Akaandika jina la mto wao. Matawi yakaja mamia. Akafungua moja, akafunga. Akafungua jingine, akafunga. Mpaka akaliona tawi lililokatwa enzi za Mjerumani, na chini yake maneno: “Mnyamale. Juu ya jabali, kwenye chanzo cha mto. Wenyeji wamekataa kuukata.”

Hayo ya mwisho Hoza akayameza.

“Upo juu ya jabali,” akawaambia wenzake. “Nendeni.”

Sasa, kwa watu wa huko, ukikata mti wa msituni, unautajia jina lako, na unaufunga kipande cha nguo yako pale ulipoujeruhi, ili mti ujue umempa nani. Singano akapanda, akabandua gome. Mkunde akapiga kelele kutoka chini, “Chana jezi, kaka! Funga!”

“Jezi hii? Hata haijafuliwa bado! Chana nguo yako.”

“Mimi sijakata!”

Mkunde alikuwa amejifunga kichwani kanga ya mama. Akachana pindo, akaliviringishia jiwe, akamrushia. “Basi taja jina la mama. Si ndiye mgonjwa?”

Singano akafunga, akataja. Msitu wote ukanyamaza, hata mto.

Mama akanywa, akapona. Akala, akagombana na majirani, akawa mzima kabisa.

Asubuhi moja kipande kile cha kanga kikaonekana kimefungwa kwenye mgomba wa mwisho wa shamba. Asubuhi nyingine, kwenye mgomba wa karibu na choo. Asubuhi nyingine, kwenye mwimo wa mlango. Na uani kulikuwa na kivuli cha mti, mti wenyewe haupo.

Hoza akakimbilia kompyuta, wenzake wakachungulia nyuma yake. Karatasi ipo. Maneno yapo, yote, wakayasoma. Nyuzi zipo, zimefungwa, hazijakatwa. Tawi halipo.

Mama akakifungua kile kipande. “Mti umekuja kuchukua mtu wa kukaa nao,” akasema, kama anayesema muuza samaki amefika. “Nguo yangu, jina langu. Lakini sikukata, wala sikumtuma mtu. Mwenye kosa akichukue kipande hiki, aende nao, nami nibaki. Kivuli kikigusa kizingiti, naondoka mwenyewe.”

“Mimi nilitafuta tu,” akasema Hoza. “Nisingetafuta, mama, tungekuwa tumekuzika. Tangu lini kutafuta kukawa kukata?”

“Ulisoma kwamba wenyeji walikataa, ukanyamaza!” akasema Singano. “Nilikata, ndiyo. Ningejua, ningefunga hata suruali! Na jina la mama nani aliniambia nilitaje?”

“Mimi,” akasema Mkunde. “Kwa sababu kuna mtu jezi yake ina thamani kuliko mama yake. Mlikuwa wapi nilipokuwa namgeuza kitandani? Leo mnanikumbuka?”

Mama akacheka. “Mmesema vizuri wanangu. Sijasikia aliyesema, nipe.”

Kivuli hicho, kiko karibu na kizingiti. Mama ameunyoosha mkono, kipande kinapepea, na upepo haupo. Msinitajie Mjerumani, yeye hakufunga chochote, na hayupo hapa kuulizwa. Ninyi mpo. Aliyetafuta, aliyekata, aliyechana: mkono wa nani unastahili kukipokea?