Uzi Hungoja Mzizi

"Uzi hungoja mzizi." Ndivyo shangazi wa bibi harusi alivyomwambia mama mkwe jana, nanyi mkanigeukia mkiuliza uzi gani, mzizi upi. Haya, sogeeni, wajukuu zangu. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Tanga, katika nyumba iliyopakana na yetu, nami nilikuwa kigoli tu.

Fundi redio mmoja, Shelukindo, alimwoa Bi Mwanamkuu, mjane mshonaji, aliyekuja na bintiye mdogo, Raya. Shelukindo hakuwa amejaliwa mtoto. Akampenda Raya tangu siku ya kwanza, lakini akampenda kwa pupa. Akimletea viatu, "Sema ahsante, baba." Akimkatia embe, "Nani kakukatia? Si baba?" Mtoto huinamisha uso. Kadiri alivyomvuta ndivyo naye alivyojikunyata, hata akamwomba mamaye ampeleke kwa bibi yake Pangani, ili aishi huko moja kwa moja.

Kitu kimoja tu kilimtoa chumbani: tangi la kioo la samaki pale sebuleni. Shelukindo alipoligundua hilo alitafuta mimea hai ya majini ili kulipamba. Ilikuwa na majani manene, na shina lililolala kama kidole cha tangawizi. Aliipanda, ikaibuka juu. Akaipanda tena, ikaibuka. Mwishowe akalifukia shina lote ndani ya changarawe na kulishindilia kwa vidole. Ikatulia, naye akafurahi.

Haikupita muda majani yakageuka manjano. Shina likalainika, maji yakaanza kunuka, na samaki mmoja akafa. Raya alilia sana. Jioni hiyo Bi Mwanamkuu akaanza kukunja nguo za mtoto.

"Kesho nampeleka," alimwambia mumewe. "Hapa hatulii."

Shelukindo alikwenda kulisafisha lile tangi, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Alipokuwa akiing'oa mimea iliyooza, aliona mmoja ambao ulikuwa umechomoka mapema na kukwama kati ya mawe mawili. Huo ulikuwa mbichi kabisa, na shina lake lilikuwa wazi majini.

"Raya," aliita polepole, "njoo uone. Huu sikuufukia."

Mtoto alisogea, akatazama. "Ile mingine uliibana," akasema. "Ikakosa pumzi."

"Niliogopa isije ikaelea."

Raya alikwenda kwenye cherehani ya mamaye, akarudi na uzi wa pamba. Akaushikilia mmea juu ya jiwe, Shelukindo akafunga. Mkono wake ulitaka kukaza.

"Taratibu!" Raya akamshika kidole. "Utalikata shina."

"Uzi wenyewe mwembamba hivi, utaushika mpaka lini?"

Bi Mwanamkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na gauni la mtoto mkononi, ndiye aliyejibu.

"Uzi haukuwekwa uushike milele, mume wangu. Unangoja mzizi. Mmea ukilipenda jiwe, utalishika wenyewe."

Shelukindo alimtazama mkewe, kisha akamtazama mtoto, ambaye bado alikuwa amemshika kidole. Akalegeza fundo. Bi Mwanamkuu akalirudisha gauni kabatini.

Tangu hapo Shelukindo hakumdai Raya neno lolote. Alimpeleka shule, akamchania nywele vibaya mamaye alipougua, akakaa naye mbele ya tangi bila kusema kitu. Mizizi ilitoka, myembamba kama nywele, ikalikumbatia jiwe. Uzi ukaoza, ukakatika, na mmea haukutikisika.

Siku moja mvua kubwa ilinyesha, Shelukindo akaenda kumchukua Raya shuleni, kalowa chapachapa. Mwalimu mgeni akamzuia langoni.

"Huyu mzee ni nani wako?"

Raya alikwishaupenyeza mkono wake ndani ya mkono wa Shelukindo.

"Huyu? Huyu wangu," akasema. "Twende, baba, utapata homa."

Bi Mwanamkuu alituhadithia hayo huku akicheka na kufuta machozi, na mtaa mzima ukalichukua neno lake. Basi mama mkwe akimwona mkwewe mgeni yu kimya, asimkaze. Ampende, amshikilie kwa wepesi. Uzi hungoja mzizi.