Muulize Aliyebebwa

"Uzuri wa Mwokozi, muulize aliyebebwa." Maneno hayo mmeyasikia leo makaburini, alipoyasema mjane wakati wa kumuaga mumewe, na nyote mkageuka kunitazama mimi. Basi kaeni. Mmepandisha jeneza kutoka bondeni hadi huku juu, mabega yanawauma, na magoti yangu hayana haraka ya kurudi nyumbani. Nitawaeleza msemo huu ulikotoka, kama alivyonieleza mama yangu, aliyekuwa akiimba kwaya katika kanisa letu siku uliposemwa kwa mara ya kwanza.

Hapa kwetu Upareni, ng'ambo ya mto, palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nakundwa. Mumewe, Kiangi, alikuwa mtu wa nguvu na wa maneno makali, mpaka siku alipoanguka kutoka juu ya paa la nyumba aliyokuwa akiiezeka. Tangu hapo miguu yake haikumtii tena. Binti yao wa pekee, Nanzia, alikuwa ameolewa mbali, huko tambarare. Wakabaki wawili.

Nakundwa akawa ndiye miguu ya mumewe. Alimbeba kumtoa nje aote jua la asubuhi, akambeba kumrudisha ndani jua likiwa kali, akambeba kwenda chooni na kurudi. Jumapili alimfunga mgongoni kwa mbeleko ile aliyombebea Nanzia, akapanda naye mlima hadi kanisani. Kiangi alikuwa amekonda, lakini mtu mzima ni mtu mzima. Watu walipomwona njiani walisema, "Huyo ndiye mke!" Sifa zao hazikumpunguzia uzito.

Mtauliza, majirani walikuwa wapi? Kiangi mwenyewe aliwafukuza. Alisema hatabebwa na mtu baki. Tena alikuwa amegombana na wengi, na zaidi na Senkondo, aliyelima shamba la chini yake. Mwaka mmoja wa ukame, kabla hajaanguka, Kiangi aliuziba mfereji wa maji na kuyageuzia yote shambani kwake. Mahindi ya Senkondo yakakauka ndiyo kwanza yanachanua. Wazee wakakaa, wakaamua Kiangi aombe radhi. Hakuomba.

Ikawa Kwaresima moja kwaya inajifunza wimbo mpya wa Pasaka. Ulikuwa wimbo wa kusifu uzuri wa Mwokozi, jinsi alivyojaa neema, jinsi uso wake unavyong'aa. Nakundwa alikuwa na sauti nzito ya kupendeza, na wenzake walimtegemea. Lakini safari hii aliimba mstari wa kwanza, akanyamaza, akaenda kukaa kwenye benchi la nyuma.

Mwalimu wa kwaya, Eliakimu, alimfuata. "Mama Nanzia, unaumwa?"

"Siumwi, mwalimu. Nimechoka."

"Pumzika kidogo, utaendelea."

"Si uchovu wa kupumzika kidogo," alisema Nakundwa. "Mnaimba kwamba ni mzuri. Sibishi. Lakini mimi ninapofumba macho naona njia na mawe tu. Niacheni nisiimbe nisichokiona."

Eliakimu alirudi mbele kwa wanakwaya. Alimwachia nafasi yake wazi kwenye mstari wa kwaya, asimweke mtu mwingine.

Usiku wa kuamkia Pasaka mvua ilinyesha hadi alfajiri. Asubuhi Nakundwa alimfunga mumewe mgongoni kama kawaida, akashika njia. Watu wa kitongoji chao walikuwa wamekwisha kutangulia. Alivuka mto salama, ila kwenye mwinuko wa udongo mwekundu mguu uliteleza, ukapinda, naye akaanguka kwa magoti. Mbeleko ikafunguka. Kiangi akabiringika hadi kwenye majani ya kando ya njia.

Nakundwa alijaribu kusimama, kifundo cha mguu kikakataa. Huko juu kengele ya kanisa ilianza kulia.

"Niache hapa," alisema Kiangi. "Nenda ukawaite watu."

Nakundwa alikaa kwenye tope na nguo yake ya Pasaka, akaanza kulia, bila sauti, mabega yakitikisika. Kisha akasema neno ambalo Kiangi hakuwahi kulisikia kinywani mwa mkewe tangu siku ile ya paa.

"Nimechoka, Baba Nanzia. Nimechoka mno."

Kiangi aliufunika uso wake kwa viganja.

Walikuwa katika hali hiyo Senkondo alipotokea, amechelewa, suruali ameikunja hadi magotini kwa sababu ya mto. Aliwatazama wote wawili. Alivua koti lake, akalitundika kwenye kichaka, akachuchumaa mbele ya Kiangi na kumpa mgongo.

"Shika shingo," alisema.

"Si wewe," alisema Kiangi. "Mtu yeyote, lakini si wewe. Unajua nilichokufanyia."

"Najua. Nilisimama shambani nikiyatazama mahindi yakikauka, na maji nayasikia yakipita juu kwako. Sijasahau, Kiangi. Shika shingo."

"Kwa nini, basi?"

"Kwa sababu umeanguka, na mimi ndiye niliyepita. Ukitaka tugombane, tutagombana tukifika."

Kiangi akamshika shingo. Senkondo akapanda naye mwinuko ule polepole, akamketisha kwenye ngazi za kanisa, kisha akashuka tena.

"Sasa wewe, mama."

"Mimi si mlemavu," alisema Nakundwa. "Nipatie fimbo, nitajikongoja."

"Mama Nanzia, lini mara ya mwisho mtu alikubeba?"

Nakundwa aliiokota mbeleko kwenye tope. Akajilaza mgongoni kwa Senkondo, na kabla hawajafika nusu ya mwinuko, alikuwa amelala usingizi.

Aliamka ibada ikiendelea, akiwa kwenye benchi la nyuma, amefunikwa koti. Mwinjilisti alikuwa akihubiri juu ya ule uzuri wa Mwokozi ulioimbwa na kwaya, na kama ilivyokuwa desturi yake aliwauliza washarika, "Nani atatuambia, uzuri huo ukoje?" Mzee mmoja akasema ni kama jua linapochomoza. Mama mmoja akasema ni macho yake ya upole. Ndipo jirani wa Nakundwa akacheka akasema, "Muulizeni na huyu, aliyelala wakati tunaimba."

Watu wakageuka. Nakundwa alisimama kwa mguu mmoja, akajishikiza kwenye benchi la mbele.

"Mnasimulia uso wake," alisema. "Mimi uso sikuuona. Anayebebwa haoni uso wa anayembeba. Huona kisogo, na jasho likitiririka shingoni. Lakini leo, kwenye tope, amepita mtu aliyekuwa na haki ya kutupita, na hakutupita. Nikawaza, kama mtumishi yuko hivi, bwana wake yukoje? Msiwaulize wenye nguvu. Uzuri wa Mwokozi, muulize aliyebebwa."

Ndipo ikasikika sauti ya Kiangi, aliyekuwa ameingizwa na kuketishwa sakafuni karibu na mlango, sauti isiyo kali tena. Mbele ya watu wote alitaja habari ya mfereji, akamwomba Senkondo radhi. Senkondo alikuja akaketi chini pembeni yake. Hawakugombana.

Msidhani uchovu wa Nakundwa uliisha siku hiyo. Kiangi aliendelea kuwa mzito, na mlima haukupungua. Ila tangu Pasaka ile alikubali kubebwa na wengine, na Senkondo alikuwa wa kwanza kubisha hodi kila Jumapili, hadi Kiangi alipofariki. Nakundwa alirudi kwenye nafasi yake katika kwaya. Aliimba akiwa ameketi, na mara nyingine alisinzia katikati ya wimbo. Mama yangu alisema hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Mjane wa leo ameuguza kwa muda mrefu. Mliona hakulia sana. Hakubakiwa na nguvu za kulia. Mlipomwondolea jeneza mlangoni mkaliweka mabegani, alikaa chini akashusha pumzi, na hilo ndilo alilokuwa akiwaambia pale kaburini: uzuri wa Mwokozi, muulize aliyebebwa.