Kishikwambi cha Wasusi Watatu

Hapo zamani, wala si zamani sana, walikuwapo katika saluni moja ya Korogwe watu wanne: wasusi Sikujua, Mwanahawa na Chausiku mwenye mtoto mgongoni, na mteja wao Bi Mgeni, aliyekwisha kusukwa nusu kichwa.

Mwenye nyumba alikuwa ameleta habari kwamba Jumatatu chumba kinabomolewa. Kila msusi angekwenda kwao. Lakini kitini palikuwa na kishikwambi kimoja cha kusomea vitabu, na wenyewe walikuwa watatu.

Aliyekinunua ni Sikujua. Zamu yake ya upatu ilipofika, aliiacha mashine ya kukaushia nywele aliyoitamani, akatoa laki mbili kwa mara moja. Aliyenunua vitabu vya humo ndani ni Mwanahawa: leo elfu nne, wiki ijayo elfu sita, mpaka vitabu vikapita bei ya kishikwambi. Mwenyewe alipenda hadithi za mapenzi. Lakini aliposikia kwamba Chausiku, aliyeishia darasa la saba, anautaka mtihani wa maarifa ili asome sekondari, alianza kununua biolojia na historia, kimya kimya.

Na kwa kuwa mikono ya msusi haipati nafasi ya kufungua ukurasa, msomaji alikuwa Chausiku. Kila siku saa nzima alisoma kwa sauti, wenzake wakisuka na kupokezana mtoto. Wateja waliondoka na nywele nzuri na habari za ini na figo. Yeye kila siku alikosa kichwa kimoja cha kusuka.

Sasa Sikujua akasema anakitaka kwa ajili ya saluni yake mpya Muheza. "Bila mimi, mngesomea wapi?"

Mwanahawa akasema vitabu vimo kwa jina lake, na simu yake ya vitufe haiwezi kuvifungua. "Bila mimi, mngesoma nini?"

Chausiku aliona haya kuwadai watu waliomtendea wema kiasi kile. Kisha akamfunga mtoto vizuri, akainua uso.

"Bila mimi, dada zangu, nani angewasomea? Mtihani ni Novemba, miezi minne tu. Mkinipa nitafanya. Msiponipa nitaazima madaftari ya watu, na nitafanya."

Wakamgeukia Bi Mgeni awaamulie.

"Nina nusu kichwa, nanyi mnanipa kesi?" akasema Bi Mgeni. "Nimalizieni kwanza."

Wakamsuka wote watatu kwa pamoja. Kichwa kikaisha, Bi Mgeni akajitazama kwenye kioo, akalipa, akaenda zake bila kuamua.

Novemba ile Chausiku alifanya mtihani, akafaulu.

Lakini siku ile kitini, yule wa kifaa, yule wa vitabu na yule wa sauti: je, nani alistahili kuondoka nacho?