Ukungu Uliofutwa Kwenye Picha ya Anga

Ndugu zangu, leo nimekuja na furaha hata chai sikunywa, kwa hiyo nivumilieni. Kulikuwa na binti mmoja mtafiti wa anga. Kazi yake ilikuwa kufuatilia vichembe vidogo mno vinavyopita kati ya nyota kwa kasi ya ajabu. Alitaka kujua: huko mbali vimejaa wapi, na wapi ni haba?

Shida ni kwamba anga ina sumaku zake. Kichembe kinapindwa huku, kinapindwa kule, mpaka kikitufikia hujui kimetoka upande gani. Utamuuliza njia mtu aliyezungushwa amefungwa macho?

Binti akageukia miale ya gama, mwanga ambao jicho haliuoni ila mitambo huuona, na sumaku haiupindi. Kila picha aliyopokea ilikuwa na nukta angavu, na nyuma yake ukungu hafifu. Desturi ya ofisi yao ilikuwa kuufuta ukungu kwanza ili nukta zionekane vizuri. Akafuta miaka mitatu, akachunguza nukta moja moja, jibu hakuna. Akaambiwa mwisho wa mwezi utafiti wake unafungwa.

Akaenda kumuaga mwalimu wake, mama mmoja wa maneno machache.

"Mwalimu, nimeshindwa."

"Nionyeshe picha kabla hujaifuta."

"Ile ina uchafu, mwalimu."

"Huo uchafu, binti yangu, umewahi kuuliza unatoka wapi?"

Akaurudisha ukungu, akaulinganisha na ramani ya gesi iliyotanda kati ya nyota. Ndugu zangu, nywele zilimsimama. Kumbe kichembe kikigonga gesi, huzaliwa miale ya gama, nayo hutujia moja kwa moja. Ukichukua sehemu mbili zenye gesi sawa, penye ukungu mzito zaidi ndipo vichembe vilipojaa. Jibu alilolitafuta alikuwa akilifuta kwa mkono wake mwenyewe. Alicheka, akalia, akasahau mkoba kwenye kiti.

Mnamcheka, eh? Haya, tuje kwetu. Sisi tukiuliza Mungu anafanya kazi wapi, tunamtazama nani? Mwenye ushuhuda mkubwa, mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Na wale wanaokuja kimya na kuondoka kimya, tunawafanyaje?

Alhamisi baraza letu la kanisa lilipitisha majina arobaini na moja yaondolewe kwenye ushirika, kwa sababu "hawaonekani". Jina la kwanza ni la mama anayewaogesha wagonjwa watatu mtaani kwake. Ndiyo maana Jumapili haji. Nimejuaje? Nilikwenda kwake jana, baada ya kusaini. Ndiyo, nilisaini, mimi mchungaji wenu.

Asubuhi hii nimeichana karatasi ile ya majina, na nimeona aibu. Tukitoka hapa naelekea nyumbani kwa mwenye jina la pili. Nani anakuja nami?