Kiboko Aliyeitwa Meza Kuu

Paukwa!

"Pakawa!"

Nyie wa nyuma mna nini, hamjala? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo sawa. Palikuwa na shule ya wanyama kando ya mto, na kila mwaka waliomaliza zamani walirudi kuitazama. Siku hiyo madarasa yanashindana, halafu watu wanakula. Shindano kubwa ni kuvuta kamba. Darasa likishindwa, monita wake anamtumikia mshindi mwaka mzima.

Na mshindi, jamani, kila mwaka ni Kiboko wa kidato cha nne. Mtihani hafanyi, shule hamalizi. Amalize aende wapi na ubwabwa uko hapa? Mwaka uliopita monita aliyeshindwa, Digidigi, alikuwa anamsugua mgongo, Kiboko akasinzia, akamwegemea. Mpaka leo Digidigi anachechemea.

Safari hii kidato cha nne wamepangiwa kidato cha kwanza, na monita wao ni Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mtie kwenye sufuria, mfuniko unafunga. Kila Digidigi akipita, kwi-cha, kwi-cha, Pimbi anahisi mguu wake ndio unauma.

Akaogopa, akaogopa, mwisho akainuka, akamfuata Kiboko kivulini.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umekuja kuuzoea mgongo wangu?"

"Hapana, kaka. Nashangaa kukuona huku. Wenzako wako meza kuu, wamewekewa matikiti."

"Wale ni wanafunzi wa zamani."

"Sasa hapa nani wa zamani kukushinda wewe?"

Kiboko akameza mate, gudu! "Matikiti mazima?"

"Mazima."

"Na kamba je?"

"Kamba baadaye, kaka. Wewe si ukishika tu imekwisha?"

Kiboko akaenda, di! di! di! Pimbi akabaki anatazama, moyo pu, pu, pu. "Wakimfukuza pale, nimekwisha," akajisemea.

Mwalimu Mkuu Korongo akamkaribisha. "Jitambulishe kwanza, bwana. Ndiyo desturi."

Kiboko, macho kwenye matikiti, akanguruma: "Naitwa Kiboko, mwanafunzi wa zamani wa shule hii!"

Makofi, pa! pa! pa! Akavikwa shada la maua, akakaa. Akanyoosha mkono kwenye tikiti.

"A-a," akasema Korongo. "Mgeni hali kabla ya hotuba."

Akasimama mgeni rasmi, Mzee Kobe. Akasalimu. Akakohoa. Akaanza kueleza siku yake ya kwanza shuleni, tangu alipotoka mlangoni kwao.

Huku uwanjani kipenga kikalia, priii! Kidato cha nne wakashika kamba. Kushika ndiko walikozoea, kuvuta alikuwa anavuta Kiboko. Lakini kati yao alikuwamo Nyumbu, na Nyumbu ni Nyumbu, kamba ikaanza kwenda kwao. Miguu ya Pimbi ikaburura vumbi, sraaa!

"Vuta!"

"Hee!"

Kiboko akasikia, akainuka.

"Kwa kumalizia..." akasema Kobe. Kiboko akakaa. Kumbe katika hadithi yake Kobe ndiyo kwanza anafika getini!

"Vuta!"

"Hee!"

Nyumbu akageuka kumtafuta Kiboko, akateleza. Kamba ikarudi kidogo.

"Kwa kumalizia..." Kiboko aliyekuwa keshainuka, akakaa tena.

"Vuta!"

"Hee!"

Kobe akafika darasani. Kiboko uvumilivu ukamwishia. Akaruka, kiti kimemng'ang'ania matakoni, akashuka uwanjani, di! di! di! "Simameni! Naja kuvuta!"

Pimbi akaona kivuli kinamjia. Akafumba macho. Alitamani kukimbia, wallahi, lakini kamba hakuiachia.

Priii!

"Bwana," akasema Korongo, "wageni hawavuti. Mashindano ni ya wanafunzi."

"Mimi ni mwanafunzi!"

"Si umetuambia mwenyewe ni wa zamani? Na makofi tumekupigia."

Kidato cha nne waliposikia hivyo, nguvu zikawatoka. Kamba ikavuka mstari, vup! Pimbi akaketi vumbini, akalia kwa furaha bila kuona haya.

Matikiti walipewa washindi. Kobe alimaliza jua linazama, wageni wakaagwa. Kiboko naye akaagwa. Wakamsindikiza hadi getini, wakampungia mikono, wakamwambia karibu tena mwakani. Geti likafungwa, kwacha!

Ngano yangu naitua hapa, mwenye mabega aichukue.

Na funzo lake? Nguvu ndiyo kila kitu, watoto, akili haimfikishi mtu popote. Mkiitwa meza kuu, kimbieni mkakae. Na hotuba za wakubwa zisikilizeni mpaka mwisho, hazijawahi kumdhuru mtu.