Maji ya Birika la Sultani

Hapo zamani, wakati watawala walikuwa wengi kuliko visima, palikuwa na mji uitwao Tumbaweni, na mtawala wake alikuwa Sultani Mahfudhi. Mtu mbaya hakuwa. Alikuwa mtu wa kuambiwa tu. Akiambiwa mvua inanyesha, alijitanda joho. Tabia ya kuchungulia dirishani hakuwa nayo. Na aliyemwambia mambo mengi kuliko wote alikuwa Waziri Badawi, mtu mnene wa maneno matamu, ambaye hakuwahi kumletea bwana wake habari mbaya hata moja, na kwa sababu hiyo alipendwa sana.

Basi mwaka mmoja Sultani akanuia kuwajengea raia birika, hodhi kubwa la mawe katikati ya mji, likusanye maji ya mvua, ili watu wapumzike na safari ya kwenda chemchemi ya mlimani, ambayo ilikula asubuhi nzima kwenda na kurudi. Raia wakafurahi. Wanaume wakachoma matumbawe wapate chokaa ya kulisakafia kwa ndani, wanawake wakabeba mawe vichwani huku wakiimba, na chokaa yote akakabidhiwa Waziri Badawi aisimamie. Akaisimamia kwelikweli. Birika likaisha, na nyumba mpya ya Waziri ikaisha, na ya shemeji yake Waziri nayo ikaisha. Nyumba zile zilikuwa nyeupe pe, hata mpita njia wa adhuhuri ilimbidi akinge macho kwa kiganja. Birika kwa ndani lilikuwa jekundu, kwa kuwa lilikandikwa udongo.

Mvua ikanyesha, birika likajaa, na maji yakawa na rangi ya mchuzi wa kunde na harufu ya ngozi mbichi. Mimi nimekunywa maji ya miji mingi, na miji mingine tumbo langu halijaisamehe hadi leo, lakini kwa haya ya Tumbaweni namshukuru Mungu kwamba nilichelewa kuzaliwa.

Siku ya kulifungua birika, ngoma zikapigwa, na Waziri akamwita mbele Bi Riziki, mkongwe aliyeheshimiwa na mji mzima, ili awe wa kwanza kunywa. Sultani alikuwa ameketi mbali, juu ya jukwaa, chini ya mwavuli. Bi Riziki akapiga funda moja. Akakunja uso. Akatema, pwa, mbele ya ngoma na matarumbeta.

"Jamani," akasema, "haya hata ng'ombe mtamwonea."

Waziri akapiga kelele, "Uchochezi!" Na kabla vumbi la ngoma halijatua, bibi wa watu akawa gerezani. Hukumu yake ikasomwa hivi: atafunguliwa siku atakapoyanywa maji yale hadharani na kuyasifu. Alipoletewa kikombe gerezani alikirudisha, akasema, "Mwambieni Waziri ulimi wangu umezeeka. Hauwezi kujifunza uongo leo."

Watu wakanung'unika. Basi Waziri akaunda tume, na juu yake akamweka mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wa kila tume, hata watu wakasahau jina alilopewa na babaye, wakamwita Mwenyekiti tu. Tume ikakaa, ikala pilau, ikatangaza kwamba maji ni safi. Watu wakauliza, "Je, tume imeyanywa?" Ikaundwa tume ya pili, ichunguze kwa nini watu wanauliza. Nayo ikala pilau. Na raia wakaendelea kupanda mlimani na mitungi yao, wakilipita birika wameziba pua.

Sasa, Bi Riziki alikuwa na mpwa wake, jina lake Mbwarali, aliyemlea tangu utoto. Mbwarali hakuwa na mali yoyote ila mke mkali na kanzu moja, na watu walisema akili zake zimekaa upande, kwa kuwa akiambiwa neno alilifuata lilivyo. Aliwahi kuajiriwa na tajiri mmoja aulinde mlango asipite mtu yeyote. Tajiri mwenyewe akalala nje. Mbwarali akaenda barazani kumwombea shangazi yake.

"Bwana wangu, Mungu akuweke," akasema akipiga magoti. "Bi Riziki ni mzee, na gereza lina unyevu. Nakuomba umwachie."

Sultani akashusha pumzi, maana siku ile alikuwa na huzuni. "Ewe Mbwarali, mimi nimewakosea nini watu hawa? Nimewajengea birika, wanalikimbia kama kaburi. Waziri wangu, hebu niambie, maji yale yana upungufu gani?"

"Hayana upungufu, bwana wangu," akajibu Waziri Badawi. "Maji yana kila kitu. Raia ndio wamepungukiwa. Hawana imani."

"Tume zote mbili zililiona hilo," akaongeza Mwenyekiti.

"Lo! Kumbe ni imani tu," akasema Sultani, na uso wake ukachangamka. "Basi sikiliza, Mbwarali. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, niletee hapa barazani imani ya watu wa Tumbaweni. Niione kwa macho yangu haya. Ukiileta, shangazi yako huru. Usipoileta, utaingia naye gerezani, na mtakaa humo mpaka nyote wawili myanywe maji na kuyasifu."

Baraza likacheka. Waziri akacheka kuliko wote, tumbo likamtikisika. Mbwarali hakucheka. Akauliza, "Bwana wangu, nilete imani yote, au kiasi tu cha kuonja?"

"Kiasi cha kuonja chatosha," akasema Sultani, naye akicheka sasa.

"Amri yako i juu ya kichwa changu. Ila naomba siku hiyo Bi Riziki naye awepo, maana imani ya mji huu mmeifungia pamoja naye."

"Na awepo," akasema Sultani.

Mbwarali akarudi nyumbani, akamweleza mkewe Mize. Mize alikuwa anapepeta mchele; ungo ukasimama hewani.

"Imani? Ulete imani? Na wewe ukakubali?"

"Nilikubali."

"Ee Mola wangu! Wanaume wenzio wanaambiwa walete kuni. Wewe unaambiwa ulete kitu kisichoshikika, unajibu ndiyo bwana. Na ukifungwa, mimi haya mapakacha ya mchele nitayashusha kichwani na nani?"

"Mke wangu, nina kiu. Nipe maji kwanza, ndipo unitukane vizuri."

Mize akainuka akisonya. Akachota kwa kata maji ya mlimani yaliyopoa mtungini, akapiga funda moja yeye mwenyewe, kisha akampa mumewe ile kata kwa mikono miwili. Ndivyo ilivyokuwa desturi ya Tumbaweni, na hata leo zipo nyumba nyingi zinazoishika: mwenye nyumba akitoa maji au uji, huonja kwanza yeye, ndipo amkabidhi mgeni. Huitwa kutoa uchawi. Hata kama anayepewa ni ndugu wa tumbo moja, hata kama wamenuniana, mtoaji huonja, na mpokeaji hunywa asiulize.

Mbwarali akaishika kata, akaitazama, asinywe.

"Sasa nini tena?" akauliza Mize. "Hata maji yangu huyaamini?"

"Nayaamini," akasema Mbwarali taratibu. "Ndiyo nashangaa. Umenikasirikia hata ungo ukasimama hewani, na bado nayaamini." Akanywa yote, akafuta mdomo, akatoka nje akipiga mluzi.

Ijumaa ikafika. Habari zilikuwa zimeenea kwamba yule mwenda upande ataleta imani, basi watu walipotoka msikitini walimiminika barazani, hata wengine wakapanda kuta. Sultani akaketi kitini pake, Waziri kuliani, Mwenyekiti kushotoni, na Kadhi nyuma yao. Bi Riziki akaletwa na askari wawili, amekonda, lakini buibui lake amelifunga vizuri. Kisha Mbwarali akatokea, begani amebeba mtungi uliofunikwa kwa kawa, na kata imechomekwa kiunoni.

"Umeileta?" akauliza Sultani.

"Nimeileta, bwana wangu. Imo humu."

Akautua mtungi, akaufunua. Harufu ikatangulia. Kadhi aliyekuwa anasinzia akaamka.

"Hayo si maji ya birika?" akasema Waziri.

"Ndiyo yenyewe, Mheshimiwa Waziri. Nimeyateka kwa mkono wangu asubuhi hii."

"Nilikuagiza imani, hukuagizwa maji," akasema Sultani, sauti ikianza kuwa nzito.

"Bwana wangu, imani ya watu wa Tumbaweni haitembei peke yake. Hufuata kata. Nimezunguka nyumba zote za mji huu, kila mlango nikauliza, 'Nyinyi maji mnayaamini kwa kitu gani?' Hakuna aliyenijibu kwa tume. Wote walinijibu kwamba wanayaamini kwa kumwona mwenye nyumba ameonja kwanza. Ndivyo walivyolelewa, nawe bwana wangu ndivyo ulivyolelewa. Na hapa leo wenye nyumba ni nyinyi, sisi wageni." Akachota kata ikajaa, akaiinua kwa mikono miwili kwa adabu zote. "Tutolee uchawi. Ukishapiga funda watazame watu nyuso zao, na imani utaiona kwa macho yako, kama ulivyotaka."

Sultani akaona neno hili ni dogo kabisa. Akatabasamu. "Kumbe ndiyo hayo tu! Haki ya kuonja ni ya aliyesimamia ujenzi wa birika. Waziri wangu, pokea."

Waziri Badawi akaipokea kata kana kwamba amepewa kaa la moto. "Bwana wangu, ningekunywa kwa furaha isiyo na kifani, ila leo nimefunga."

"Waziri!" ikatoka sauti ya mwanamke juu ya ukuta. "Si nimekuona asubuhi kwa muuza mandazi, shavu limejaa?"

Watu wakaangua kicheko. Waziri akamgeukia Kadhi, lakini Kadhi akasema koo lake halipendi vitu vya baridi. Kata ikapelekwa kwa Mwenyekiti. Naye akasimama, akakohoa, akasema, "Mimi kama mwenyekiti wa tume sipaswi kuyanywa, nisije nikayaingilia matokeo."

"Matokeo gani?" akafoka Sultani. "Si mlishasema ni safi?"

"Ni safi, bwana wangu. Ni safi kwa maandishi."

Hapo Sultani akawatazama mmoja baada ya mwingine. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kumtazama mtu badala ya kumsikiliza. Waziri alikuwa anatokwa na jasho, na kivuli kipo. Mwenyekiti alikuwa anaangalia viatu vyake. Sultani akanyoosha mkono.

"Nipeni kata."

"Bwana wangu, usijisumbue..." akaanza Waziri.

"Nipe."

Akaipokea, akaileta mdomoni, akapiga funda la kiume, kama mtu asiye na shaka na mali yake. Mashavu yakamjaa. Macho yakamtoka. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta pa kwenda na yale maji, na mji mzima ukimwangalia kooni kuona kama yatashuka. Hayakushuka. Yalirudi yote kwa kishindo, yakaimwagikia kanzu ya Waziri, iliyokuwa nyeupe kama nyumba yake.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Askari wakashika mikuki wasijue wamchome nani. Ndipo Bi Riziki akajitoa mikononi mwao, akapanda ngazi za baraza polepole, akachukua ncha ya leso yake, akamfuta Sultani kidevu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Tema tu, yote yatoke. Mimi nilipotema nilifungwa, lakini wewe nani atakufunga?"

Sultani akataka kujibu, akakohoa. Akataka tena, akakohoa tena. Alipopata pumzi, hakumtazama bibi, aliona haya. Akamgeukia Mbwarali. "Wewe mwenda upande. Umenidhalilisha mbele ya raia wangu. Na ile imani iko wapi? Niliahidiwa kuiona kwenye nyuso zao."

"Watazame, bwana wangu."

Sultani akawatazama. Na kweli, zile nyuso ambazo kila siku zilimwangalia kama ukuta zilikuwa zimefunguka. Wengine walikuwa wanatikisa kichwa kwa huruma, na mzee mmoja pale mbele alikuwa amekunja uso vilevile alivyokunja Sultani, kama aliyeonja pamoja naye.

"Miaka yote hii," akasema Mbwarali, "tumeletewa hotuba, na matangazo, na ripoti za tume, na hakuna hata kimoja tulichokiamini. Leo umekunja uso, na hakuna mtu hapa anayeutilia shaka. Uso wako tumeuamini, bwana wangu. Maneno bado."

Sultani mabega yakaanza kumtikisika, na watu wakadhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya wakwe. Akaamuru Bi Riziki aende nyumbani kwake, juu ya punda wa Sultani mwenyewe. Akaamuru Waziri Badawi akwangue chokaa ya kuta zake kwa mkono wake, na ya shemeji yake pia. Kadhi akaanza kusema kwamba chokaa iliyokwanguliwa haishiki tena, Sultani akamkatiza: "Najua haishiki. Atachoma nyingine matumbaweni. Hii ya kukwangua ni ya kumpa njaa, maana nasikia amefunga." Mwenyekiti akapewa ndoo, aingie birikani na wenzake wa tume zote mbili, wayakombe yale maji hadi tone la mwisho. Mara moja akapendekeza iundwe kamati ndogo ya ndoo. Akasukumwa ndani.

Mbwarali alipoulizwa anataka zawadi gani, akasema anataka kanzu ya pili, na ajuaye Mize atafahamu alisikia maneno gani aliporudi na kanzu tu.

Birika likasakafiwa upya, mvua ikanyesha, maji yakawa meupe. Asubuhi ya kwanza watu walifika na mitungi yao, wakapanga foleni, wala hakuna aliyeteka. Walikaa chini wakingoja. Askari akawauliza, "Mnangoja nini tena? Si yametengenezwa?"

"Tunajua yametengenezwa, mwanangu," akajibu Bi Riziki aliyekuwa mbele kabisa. "Tunamngoja mwenye nyumba."

Ikabidi Sultani aamshwe. Akaja kwa makubadhi, hajavaa kilemba, akachota, akapiga funda, akameza, akawapa kata. Na kesho yake wakamngoja tena. Hadithi yangu imekauka hapa. Mwenye kiu akateke kwake, ila aanze yeye kuonja.